Mzee Aliyepima Kilichobaki Kikombeni

Habari ya kifo chake ilifika Kasongo kwa pikipiki, kama zinavyofika habari zetu nyingi. Motari mmoja, mwendesha pikipiki ninayemfahamu miaka mingi, alisimama mbele ya nyumba yangu akiwa na tope hadi magotini, akakataa kiti, akasema bila kuzunguka: "Baba muandishi, ule muzee wa kuonja-onja hayuko tena. Alikufa Kabambare juzi, walimuzika siku ile ile. Watoto yake walisema nikuambie." Nikafanya jambo lililonishangaza hata mimi mwenyewe: nikacheka. Sikukicheka kifo, Mungu aniepushe. Nilicheka kwa sababu hakuna mtu mwingine, Kasongo yote na Kabambare yote, ambaye ukitaja kazi yake tu, hata ndani ya habari ya msiba, midomo ya msikilizaji inajipanua yenyewe. Motari naye akacheka, halafu tukaona aibu wote wawili, halafu nikaingia ndani kumtafutia maji ya kunywa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii simtaji mtu kwa jina. Wengine hulalamika. Marehemu ni mmoja wa wachache waliounga mkono. "Andika kazi," aliwahi kuniambia, "jina watu watalijaza wenyewe." Basi kazi yake ni hii. Alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo kimoja cha kilimo hapa kwetu, na saa zote ambazo hakuwa darasani alizitumia kuchunguza vinywaji vinavyotengenezwa na watu wetu: malafu yanayogemwa kwenye michikichi, pombe ya ndizi, maji ya mananasi yaliyoachwa yachachuke, na tangawizi. Alitaka kujua kwa nini malafu ya mtu mmoja yanafika jioni yakiwa bado matamu na ya jirani yake yanakuwa siki kabla ya mchana. Alitaka kujua povu linaanza saa ngapi na linaisha saa ngapi, na maji ya kisima yanafanya nini ambacho maji ya mto hayafanyi. Zaidi ya yote alitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kusema, bila kudanganya, kwamba kikombe hiki ni kizuri kuliko kile. Swali hilo la mwisho lilimla miaka yake mingi.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mzee huyu alikuwa Mwislamu wa kweli kweli, mwenye sala zake tano, na pombe haikuwahi kupita kooni mwake tangu azaliwe. Watu walimwita Dokta wa Malafu, naye hakujua malafu yana ladha gani! Alikuwa na kijiti cha kioo kinachoelea, ambacho kikizama sana ujue sukari imeshaliwa na chachu, na alikuwa na pua ambayo sijaona mfano wake. Karatasi zake za kupimia uchachu zilipokwisha, na mpya zikachelewa njiani miezi na miezi, alichemsha maua mekundu ya uani kwake, yale ambayo rangi yake hubadilika ikigusa uchachu, akachovya vipande vya karatasi ndani ya maji hayo, akakausha, akaendelea na kazi. Lakini ulimi hakuwa nao. Ulimi ilibidi aazime kwa wengine, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia.

Kwetu, wasomaji mnajua, anayekukaribisha kinywaji hakai mbali. Anakaa mbele yako. Anaonja yeye kwanza, ili uone kwamba hakukutilia kitu, kisha anakupa. Nawe ukishapokea kwa mikono miwili na kumeza funda la kwanza, una neno moja tu la kusema, nalo ni zuri. Hata kama kinywaji kimechacha hadi meno yanasisimka. Kusema vingine ni kumtukana mwenyeji, na mama yake, na mti uliogemwa. Mzee alizaliwa humu humu, adabu hii aliijua vizuri, lakini siku ya kwanza ya utafiti wake nadhani aliamini kwamba mbele ya sayansi watu wataiweka pembeni. Alikusanya wanaume kumi wenye sifa ya kuyajua malafu, na mimi nikiwamo. Akamwalika mgema mwenyewe aje kumimina. Kila mtu aliwekewa vikombe vitatu: malafu ya asubuhi hiyo, malafu ya jana, na malafu ya siku nne ambayo hata nzi walikuwa wanayakwepa. Mzee akakaa na daftari. Mgema akaonja, akatupa. Mtu wa kwanza akanywa kikombe cha kwanza akasema, "Muzuri." Cha pili: "Muzuri." Cha tatu, machozi yakimlengalenga: "Muzuri sana, mwalimu!" Hivyo hivyo hadi wa kumi. Mimi nilikuwa wa sita, mtu mwenye diploma na safu katika gazeti, na nakiri mbele yenu kwamba nilisema zuri mara tatu, tena ile ya tatu niliisema kwa sauti kubwa kuliko zote.

Alipotusindikiza mzee hakuonyesha hasira. Alisema tu, "Leo nimegundua kitu kikubwa. Wanaume kumi ya Kasongo, wote hawana ulimi." Wiki iliyofuata alimrudisha mgema nyumbani kwa heshima zote, akatundika kitenge cha mkewe katikati ya chumba, na vikombe vikawa vinatokea chini ya kitenge. Hakuna aliyejua nani kamimina wala malafu ni ya nani. Hakuandika moja, mbili, tatu juu ya vikombe, kwa maana alisema mtu akiona moja anadhani hicho ndicho cha kwanza kwa uzuri. Alichora jani, jembe na samaki. Na sisi tukafanya nini? Tukakisifu kitenge! Tuliendelea kusema zuri, zuri, zuri, kwa adabu ile ile, tukiwa tumekitazama kitambaa. Aliyemwokoa ni mkewe. Alikuwa ameingia kuchukua kitenge chake, akakuta mume ameshika kichwa, akamuuliza: "Sasa unawauliza juu ya nini? Miye wageni wakikula, siwauliziaka kitu. Naangaliaka sahani." Tangu siku ile mzee hakutuuliza tena kinywaji kikoje. Alitupa vikombe, akatuambia tunywe, tuzungumze habari zetu, tukichoka twende. Tulipoondoka alichukua kikombe kimoja kimoja akapima kilichobaki. Vya jani, malafu ya asubuhi, vilikuwa vikavu. Vya samaki, yale ya siku nne, vilikuwa vimejaa karibu kama vilivyotoka.

Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi na watu hucheka. Hii ya pili siisimulii mara nyingi kwa sababu ndani yake ninayechekwa ni mimi, na kwa muda fulani haikuwa ya kuchekesha kabisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Lusangi, bado yupo, Mungu ampe miaka, aliyekuwa anatengeneza tangawizi. Aliisaga, akaikamua, akaitia ndimu, nanasi na sukari, akaiacha siku moja ianze kuchangamka kidogo, kisha akaipeleka Salamabila kwa mapikipiki ndani ya bidoni za njano, yale madumu ya plastiki. Wachimbaji wa dhahabu wana kiu, na si wote wanaotaka pombe mchana wa jua. Kwa tangawizi hiyo alisomesha watoto wanne na kumtunza mume aliyekuwa hawezi tena kulima. Siku moja motari mmoja, na nyinyi wenye akili mmeshamtambua, ni huyu huyu aliyeniletea habari ya msiba, aliniambia kwamba Salamabila watu wanaumwa matumbo, na kisa ni tangawizi ya Lusangi. Sikuuliza la pili. Nilikaa nikaandika nusu safu, yenye mizaha mingi, kuhusu kinywaji fulani cha upande wa Lusangi kilicho kikali kiasi kwamba ungeweza kukitia kwenye pikipiki ikawaka. Jina sikutaja. Lakini Lusangi mwenye kupeleka tangawizi Salamabila alikuwa mmoja tu.

Gazeti letu husomwa kwa sauti, mtu mmoja anasoma na ishirini wanasikiliza, na siku ile Salamabila walicheka sana. Baada ya wiki mbili bidoni za mama zilikuwa zinarudi zimejaa. Baada ya wiki tatu aliambiwa na wakubwa wa Salamabila kwamba kama malalamiko hayataisha mwezi ule, atakatazwa kuuza. Ndipo alipopanda pikipiki akaja Kasongo, akauliza nyumba yangu, akaingia amebeba bidoni ndogo begani. Nilidhani amekuja kunitukana na nilikuwa nimejiandaa. Hakutukana. Aliomba kikombe, akamimina, akaonja yeye kwanza, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea, nikanywa. Ilikuwa tangawizi nzuri, wasomaji, ilinipanda puani vizuri na kushuka kifuani kwa amani. Nikasema lile neno letu. Akanitazama. "Ukinywa mbele yangu unasema muzuri," akasema. "Ukiandika unasema mubaya. Baba, wewe uko na ndimi ngapi?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Nilifanya nilichoweza, nikampeleka kwa mzee. Njiani nilijipa moyo kwamba mtaalamu atakitazama kinywaji, atatumbukiza kijiti chake cha kioo, atatamka kama ni kizuri au kibaya, na kwa vyovyote aibu itakuwa imenitoka mimi ikamwangukia mwingine. Mzee alimsikiliza mama hadi mwisho, akanisikiliza mimi hadi mwisho, akafuta miwani. "Mama," akasema, "miye sijui kama kinywaji yako iko mubaya. Na huyu naye hajui. Tofauti yetu ni kwamba miye nimesema sijui." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie Kasongo. Mimi sikucheka.

Alienda Lusangi mwenyewe, umri ule, nyuma ya pikipiki, amekumbatia sanduku la vikombe. Aliomba mama atengeneze tangawizi moja kama kawaida yake. Nusu ikabaki pale pale nyumbani. Nusu ikatiwa kwenye bidoni za motari yule yule, ambaye ndiye aliyekuwa akimbebea mama mzigo, ikasafirishwa hadi Salamabila, haikuuzwa hata tone, ikarudishwa. Kisha akakusanya watu kumi, nami niliyemfuata nikiwamo, Wakristo na Waislamu, maana tangawizi haimkatazi mtu, na kitenge kikatundikwa tena. Safari hii kila mtu alipewa vikombe vitatu, viwili vikiwa na kitu kimoja na kimoja kikiwa na kingine. "Musiniambie ipi iko muzuri," mzee akasema kutoka nyuma ya kitenge, "hiyo adabu yenu naijua. Muniambie tu ipi haifanani na wenzake." Tulirudia mara tatu. Alinieleza kwa nini: mtu asiyejua kitu, akibahatisha tu, katika mara tatu atapata mara moja, kwa hiyo kupata mara moja si ushahidi wa chochote. Mbele ya kitenge hicho sikuhitaji maelezo marefu, maana mimi, niliyekihukumu kinywaji hiki mbele ya wilaya nzima, nilikosea mara zote tatu. Mzee aliandika, akachungulia, akaniuliza kwa upole navuta sigara ngapi kwa siku.

Wenzangu karibu wote walipata. Mama mmoja anayeuza muhogo sokoni, ambaye hajawahi kuingia darasa la kemia wala la kitu kingine, alinusa tu kikombe, hakunywa, akakisukuma mbali. "Hii ilipanda pikipiki," akasema. Watu waliangua kicheko. Mzee hakucheka, aliyaandika maneno yale kama yalivyo, neno kwa neno, akapigia mstari. Kisha akaomba bidoni zote za motari. Alizijaza maji ya vuguvugu, akazifunga, akaziweka juani, akaenda kusali. Aliporudi alizifungua moja moja na kutualika tuinamishe pua. Ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Ya tatu, esansi, yaani petroli, waziwazi, kama umesimama mahali wanapouza esansi kando ya barabara. Motari aliinamisha kichwa. "Muzee, mimi niliisafisha ile! Mara tatu! Na sabuni, na muchanga, mpaka ikang'aa!" Mzee alimshika bega. "Ulisafisha ya kuonekana na macho. Plastiki yenyewe ilishakunywaka, na sasa iko natapika kidogo kidogo." Mzaha wangu wa kinywaji cha kuwasha pikipiki ulikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyojua, na bado ulikuwa uongo, kwa sababu nilimbebesha mtu asiyehusika.

Mama alipiga vigelegele, majirani wakamjibu, na mimi nikadhani mambo yamekwisha. Mzee akainua mkono. Alisema kuna jambo la pili. Hata ile tangawizi iliyobaki nyumbani, isiyosafiri, ilikuwa inabaki vikombeni nyingi kuliko alivyotarajia, na alipofuatilia aliona kwamba mama anailaza pamoja na ndimu ndani ya sufuria. Uchachu ule unakula sufuria, na ladha ya chuma inaingia kwenye kinywaji. Si sumu ya kuua mtu wiki ile, alisema, lakini si vizuri, abadilishe chombo. Uso wa mama ulibadilika papo hapo. Alikuwa amengoja mwezi mzima asafishwe, na mtu anayemsafisha anamwonyesha doa lingine mbele ya majirani! "Muzee," akauliza, "uko upande ya nani?" Nilitamani mzee aache, kwa siku ile tu, ile nukta ya pili tungeweza kuisema kesho. Hakuacha. "Ya kikombe, mama," akasema, na akaliandika na hilo. Mama alimnunia kama wiki moja, kisha akanunua ndoo mpya yenye kifuniko.

Ilibaki kazi yangu. Niliandika masahihisho, nikampelekea mzee ayaone kabla ya gazeti, nikiwa nimejiridhisha kwamba nimeandika kiungwana. Nilikuwa nimesema kwamba imebainika kuwa taarifa zilizotolewa awali hazikuwa na usahihi wa kutosha. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akainua macho. "Imebainika na nani? Zilitolewa na nani? Hii sentensi yako haina mutu ndani." Nikasema ndivyo magazeti yanavyoandika. Akanirudishia karatasi pamoja na penseli, akaendelea kuosha vikombe vyake. Nilikaa pale kwenye benchi yake karibu saa nzima, na neno dogo "mimi" lilinitoa jasho kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika. Mimi nilisikia. Mimi sikuuliza. Mimi nilimkosea mama wa Lusangi. Yalichapwa hivyo, yakasomwa kwa sauti kule kule yaliposomwa ya kwanza. Wateja hawakurudi wote kwa siku moja, maana jina likishachafuka halioshwi kwa ndoo moja ya maji, lakini walirudi, na amri ya kumzuia haikutoka.

Nimefikiri sana tangu wakati huo juu ya bidoni. Bibi zetu waliweka malafu katika kibuyu, na kibuyu cha malafu kilikuwa cha malafu, cha maziwa ni cha maziwa. Ukikosea, nyumba nzima inakupigia kelele. Bidoni haina mwenyewe. Leo imebeba mawese, kesho esansi, keshokutwa maji ya mtoto, na sisi tunaiosha kwa mchanga na kuridhika ikimetameta. Mambo yetu mengi ya sasa yanaenda hivyo. Hata maneno. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu, ukachoka njiani, ukalala kijiji kimoja na watu wakapata nafasi ya kuuhoji. Sasa uvumi unapanda pikipiki, unapanda simu, unafika Salamabila kabla mwenyewe hajamaliza kukamua tangawizi yake. Sisemi turudi kwenye vibuyu. Mzee mwenyewe alizipenda bidoni, alizitetea kwamba ni nyepesi na hazivunjiki. Alitaka tu kila mtu aijue bidoni yake imetoka wapi.

Na jambo jingine alilonifundisha bila kukusudia ni kwamba wanawake wanaotengeneza vinywaji hivi si watu wa kubahatisha. Aliwaita "watafiti wenzangu", na mwanzoni nilidhani ni heshima ya mdomoni. Kumbe alimaanisha. Mama anayejua kwamba leo mawingu ni mengi kwa hiyo chachu itachelewa hadi saa tisa, anayesikiliza povu kwa sikio kabla ya kufunua, anayekumbuka kwamba mwaka jana nanasi la bondeni lilimharibia, huyo anafanya vipimo, tofauti ni kwamba daftari lake liko kichwani. Mzee aliketi chini mbele yao na kuuliza maswali kama mwanafunzi, na mwanafunzi msumbufu kweli. Nilimpenda mzee huyu. Sikumwambia alipokuwa hai kwa sababu wanaume wa kwetu hatuambiani hivyo, na sasa najilaumu.

Motari alinibeba hadi Kabambare siku ya pili baada ya habari. Maelezo ya barabara nawaondolea. Mnaoijua mnaijua, na msioijua hamtaniamini. Mara mbili nilishuka nikasukuma. Tulifika matanga yakiwa katikati, dua imesomwa, watu wamekaa kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima, na badala ya kilio nilikuta mazungumzo na vicheko vya chini chini, kila mtu akisimulia jinsi marehemu alivyomtesa kwa vikombe. Mjane alinishika mkono akaniuliza kama nimekula. Na kwenye kivuli cha nyumba, amezungukwa na bidoni nyeupe mpya, alikuwa mama wa Lusangi, akiwagawia waombolezaji tangawizi.

Nilikaa karibu naye. Nilimuuliza biashara inaendaje, akasema inaenda, sasa si peke yake tena Lusangi, wako wanawake watano wanaotengeneza. Nikamwambia pole, nikidhani wamemnyang'anya wateja. Alinishangaa. "Pole ya nini? Kila Jumamosi tunakutana, sisi wote watano. Tunatundika kitenge. Kila mutu analeta yake, hakuna kujua ya nani, tunakunywa, tunaangalia inabaki ya nani. Mwenye yake ilibaki mingi, anauliza wenzake." Nikamuuliza, kwa uangalifu, ni ya nani hubaki. "Juma iliyopita?" Alicheka hadi akashika mbavu. "Ilibaki yangu! Vikombe vyote, vilijaa! Nilikuwa nazidisha sukari, juu ya kuogopa watu waseme iko kali. Nilimwaga yote, nikaanza upya." Aliyasema hayo mbele za watu, kwa sauti, bila kuona haya hata kidogo. Huyu ndiye mwanamke ambaye neno langu moja la ovyo lilikaribia kumfungia kazi, na ambaye alinuna wiki nzima kwa sababu ya sufuria. Sasa kila Jumamosi anajipeleka mwenyewe ahukumiwe, na anarudi nyumbani anacheka.

Njiani kurudi, matanga yalipokwisha, nilipita Lusangi nikamwachia mama makala hii, niliyoiandika huko huko matangani, tangu mstari wa kwanza, nikamwomba aisome kabla ya mhariri wangu. Sijawahi kumfanyia mtu yeyote hivyo katika miaka yote ya kuandika. Motari aliniletea karatasi zangu jana. Kuna mahali amesahihisha, nilikuwa nimesema tangawizi yake hukaa siku mbili kumbe ni moja. Na aya nzima ya kumsifu marehemu, iliyokuwa hapa mwishoni, niliyoiona kuwa nzuri kuliko zote, ameikata kwa msalaba mkubwa wa kalamu na kuandika pembeni: "Hii ni ya adabu tu. Toa." Niliisoma tena, nikaona amesema kweli, nimeitoa. Kumheshimu mtu anayetumia mikono yake si kumwambia kila siku kwamba kazi yake ni nzuri. Ni kuijali kazi hiyo kiasi cha kuipima sawasawa, kusema ulichokiona ukiwa umeweka jina lako ndani ya sentensi, na kumpa naye penseli aje apime ya kwako.